Nimebadilisha zamu ya kusema

Mmeuliza wiki hii: mwalimu aeleze huku wanafunzi wakinakili, au awaache wajadili? Mimi nafundisha Sayansi shule ya msingi, wilayani Newala, mwaka wa 19 sasa. Jibu langu: wajadili kwanza, mwalimu aeleze baadaye.

Miaka mingi nilifundisha kama nilivyofundishwa. Naingia, "Shikamoo mwalimu," najaza ubao, wananakili, nauliza "Tumeelewana?" na darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" Sauti ile ilinidanganya sana. Tulipofika magonjwa ya mimea niliandika kwamba ubwiri unga huletwa na kuvu, hushambulia machipukizi na maua ya mkorosho, na huzuiwa kwa salfa, dawa ya unga inayopulizwa. Wakakariri vizuri. Wiki iliyofuata nikauliza kwa nini salfa hupulizwa asubuhi na mapema. Watoto zaidi ya 80, kimya. Na hawa ndio wanaoamka gizani kufuatana na baba zao shambani mikorosho inapotoa maua!

Mwaka uliofuata nilikuja na shada la maua lenye ugonjwa, nikalipitisha dawati kwa dawati, kisha nikauliza: mbona baba hapulizi mchana? Waliokaa dawati la mbele wakageukia la nyuma yao, wakawa sita sita, wala hatukusogeza kitu. Mvulana mmoja akasema jua linaunguza dawa. Binti wa kundi la pili akamkatalia: "Mchana kuna upepo, salfa yote inaenda kwa jirani. Asubuhi kumetulia, halafu majani yana umande, unga unanasa." Mwingine akauliza jambo ambalo sikuliweka kwenye andalio langu: maua yakishakuwa meupe kwa ugonjwa, kupuliza kutasaidia? Wakabishana hasa. Mmoja akasema kwao walichelewa, wakapuliza, na maua yakakauka vilevile.

Hapo ndipo nikachukua chaki. Salfa hukinga, haifufui ua lililokwisha kuharibika. Nilieleza kwa dakika 10 tu na zikatosha, maana kila mtoto alikuwa anasubiri kujua nani kati yao alipatia.

Lakini majadiliano yawe na kitu ndani yake. Nimeona makundi yakipewa mada ambayo hakuna hata mmoja anayeijua, wakanong'ona mpaka kengele. Kipindi cha dakika 40 kimeteketea. Mtoto ambaye hajawahi kuona wala kuambiwa seli ni nini, ataijadili vipi? Siku hiyo mwalimu aeleze, tena aeleze vizuri.

Wenzangu wengine husema njia shirikishi ni mambo ya wageni. Siyo kweli. Mwaka 1973, katika kampeni ya afya hapa Tanzania iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wazima nchi nzima walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili walichosikia, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wengi walikuwa wakulima wa jembe la mkono.

Walijadili kwa Kiswahili, na hapa ndipo moyo unaponiuma. Shule ya msingi tunafundisha kwa Kiswahili, na mtoto akivuka kwenda sekondari ya serikali masomo yanageuka Kiingereza. Ukimtaka ajadili kwa lugha ambayo hajaweza kuitumia hata kuomba maji, atachagua kunakili, na hana kosa. Ningekuwa na uwezo, Kidato cha Kwanza wangebishana kwanza kwa Kiswahili, ndipo waandike kwa Kiingereza wakisaidiwa na mwalimu.

Yule binti wa umande sasa yuko Kidato cha Pili. Alikuja kunisalimia likizo, nikamuuliza kama bado anawakatalia watu darasani. Akainamisha macho. "Jibu ninalo, mwalimu. Nikiwa bado natafuta maneno, wameshahamia swali lingine."