Feni ama silingi kwa nyumba ya mabati?
Ndugu umeuliza kama uweke feni kwa hizo singo, yaani nyumba za chumba kimoja za kupangisha, unajenga Ruai, mi naona anza na paa kwanza maana joto jingi la mchana linaingia kupitia mabati, weka silingi bodi na uache hewa ipite juu yake, halafu mabati yapake rangi nyeupe. Hapa Nairobi tuko karibu sana na ikweta, jua linachapa kuta za mashariki na magharibi, kwa hivyo madirisha yaangalie kaskazini na kusini. Hiyo silingi hata baridi ya Julai itapunguza. Na tafadhali usibanane na ukuta wa jirani, mwanga hautaingia na wapangaji watawasha taa saa sita mchana na pesa za tokeni za stima hawana.