Kabla Hujasaini: Barakoa ya Clayton Moore na Mkataba Wako

Mwigizaji akishapendwa, jina lake la nyumbani hufa. Mtaani anaitwa kwa jina la mhusika, harusini anaalikwa aje "kama yule wa kwenye runinga", na analipwa kwa hilo. Wachache hujiuliza mhusika huyo ni mali ya nani.

Clayton Moore wa Marekani alilijua jibu mahakamani, akikaribia miaka 65.

Alianza kucheza Lone Ranger kwenye runinga mwaka 1949: mtetezi wa haki aliyeziba macho kwa barakoa, akipanda farasi mweupe aitwaye Silver. Ila mhusika huyo alizaliwa redioni, Detroit, tangu 1933, na mwenye mali alikuwa George W. Trendle. Moore aliingia nyumba iliyokwisha kujengwa. Mwaka 1952 nafasi yake ikachukuliwa na John Hart, barakoa ileile, kwa vipindi 52. Hapa pana mtego: mhusika aliyefichwa uso hubadilishwa mtu kirahisi, na ndivyo ilivyo kwa mwenye ndevu za bandia, tumbo la kupachika au sauti ya kubana. Ukipewa nafasi ya namna hiyo, dai jina lako halisi lisomeke mwanzoni mwa kila kipindi, si mwishoni ambako watu wameshahama chaneli.

Mwaka 1954 Moore alirudi, na mwaka huohuo Trendle akamuuzia Jack Wrather haki zote kwa dola milioni 3. Tamthilia ikaisha 1957. Kwa zaidi ya miaka 20 Moore akazunguka kwenye maonyesho na ufunguzi wa maduka akiwa amevaa vilevile, mpaka 1979 kampuni ya Wrather ilipopata zuio la mahakama: marufuku kuonekana hadharani na barakoa. Filamu mpya ilikuwa inaandaliwa, na hawakutaka mzee achanganywe na kijana atakayeicheza.

Kwa hiyo usiridhike na kipengele kinachotaja malipo ya siku za kurekodi tu. Andikiwa kwamba baada ya kipindi kuisha unaruhusiwa kutokea kama mhusika, na vitajwe kimoja kimoja: jina, vazi, sauti, msemo. Taja pia wapi, maana kushereheshea harusi ni jambo moja na kutangaza sabuni ni jingine. Weka muda, tuseme miaka 5 inayoweza kuongezwa. Halafu sentensi ambayo wengi huisahau: makubaliano haya yatambana yeyote atakayenunua au kurithi haki za mhusika. Bila hiyo, prodyuza muungwana uliyekula naye akiuza, umebaki na ahadi ya mtu asiyehusika tena. Na kimya cha mwenye mali si ruhusa, hata kikidumu miaka ishirini.

Barua ya wakili ikishafika, fanya alivyofanya Moore. Hakubishana na zuio kwa kulivunja. Alivua barakoa, akavaa miwani mikubwa myeusi iliyozunguka uso, akaendelea kutokea mbele ya mashabiki huku akifungua madai yake dhidi ya kampuni. Magazeti yakamshabikia. Filamu ile ilitoka 1981 ikaanguka vibaya, na mwaka 1984 Wrather akaliachia shauri. Barakoa ikarudi usoni. Wewe usitegemee bahati ya filamu ya mwenzako kuanguka. Hifadhi nakala za mikataba, picha zenye tarehe na risiti za mialiko, ili ionekane umekuwa ukiifanya kazi hiyo waziwazi.

Mwenzake, Jay Silverheels, Mmohawk (moja ya makabila ya Wahindi Wekundu) wa Kanada aliyecheza Tonto, msaidizi wa Lone Ranger, namwona aliona mbali zaidi. Alisaidia kuanzisha warsha ya kuwafunza uigizaji Wahindi Wekundu huko Los Angeles, na uzeeni akaingia mashindano ya farasi wa kukokota vigari. Hapo hapakuhitajika ruhusa ya mwenye mhusika.

Moore alifariki Desemba 1999. Nyota yake ya heshima kwenye njia ya wasanii ya Hollywood, aliyopewa 1987, ina majina yote mawili, lake na la mhusika. Mkataba wako nao uyaweke hivyo, yakisimama pamoja kwenye mabango na matangazo.