Daktari wa Mifugo Anajibu: Kondoo Wanaovuka Theluji

SWALI: Hujambo Daktari. Mimi na baba tunafuga kondoo hapa Molo kwenye ekari chache. Binamu yangu anayesomea India amenitumia picha za wachungaji waitwao Wagaddi wakipitisha kondoo kwenye theluji, mmoja akiwa na mwanakondoo anayechungulia kifuani mwake. Baba anasema hizo ni picha za kutengenezwa, kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayepeleka kondoo kwenye baridi kama ile. Je, ni kweli? Na wanafuata nini huko juu? Sisi mvua ya mwaka huu imeozesha kwato za kondoo wengi, na shamba tulilokuwa tukikodi kwa malisho limepandwa viazi. – Mfugaji, Molo.

JIBU: Mwambie mzee kwamba picha ni za kweli. Nikiwa bado kazini nilipelekwa mafunzoni Palampur, mji wa jimbo la Himachal Pradesh ulio chini ya milima ya Dhauladhar, na makundi hayo yalipita barabarani karibu na tulipolala. Ukiyasikia yakija usiku, kengele na mbwa, hulali tena.

Mmeuliza jambo la maana, wanafuata nini huko juu, na jibu lake liko kwenye zile kwato zenu. Kuanzia Julai mawingu ya monsuni, yaani pepo za msimu wa mvua, hugonga Dhauladhar na kumwaga mvua nyingi upande wa Palampur na Dharamshala. Ardhi inakuwa tope tupu, minyoo inazidi, kwato zinaoza. Lakini nyuma ya milima hiyo, ukivuka safu nyingine iitwayo Pir Panjal, kuna bonde la Lahaul, na mvua haifiki huko ila kidogo sana. Nyasi zake hunyweshwa na theluji inayoyeyuka, ni fupi na tamu, na udongo ni mkavu. Mchungaji Mgaddi anakimbia hasa kile kilichowapiga ninyi Molo. Baridi ya njiani anaivumilia ili afike pakavu.

Kwa hiyo mwaka wake una ratiba. Novemba hadi Machi yuko kwenye vilima vya chini, wilaya ya Kangra na kuelekea mpaka wa jimbo la Punjab. Aprili anaanza kupanda. Mei na Juni anavuka Dhauladhar na kupita Bharmour, wilaya ya Chamba, ambako ndiko kwao hasa. Kisha anapanda tena hadi Lahaul, na Septemba anageuza kabla theluji mpya haijafunga njia. Mwanya wa Indrahar, njia ya kuvukia Dhauladhar, uko mita 4,342. Ule wa Kugti, wa kuingilia Lahaul, unapita mita 5,000, juu kuliko kilele chetu cha Lenana kwenye Mlima Kenya! Huvukwa alfajiri, theluji ikiwa bado ngumu. Mbuzi hutangulia kwa sababu kondoo hawana uthubutu wa kuanza, na kabla ya kuvuka wengi huchinja mnyama kumwomba mungu wao Shiva njia salama.

Yule mwanakondoo kifuani naye ni wa kweli. Wachungaji huvaa koti pana la sufu, chola, na kiunoni huzungusha mara nyingi kamba ndefu ya sufu nyeusi. Nafasi iliyo juu ya kamba ndiyo mfuko: mtoto aliyezaliwa njiani hutiwa humo na safari ikaendelea.

Wachungaji niliozungumza nao hawakuilalamikia theluji. Walichokililia ni huku chini, miezi ya baridi. Malisho ya juu bado yapo, ila vilima vya chini vimefungwa: msitu umepandwa miti na kuzungushiwa uzio, shamba limekuwa nyumba, na penye nyasi pameota lantana. Ni kichaka kile kile ambacho watu wa Kisumu wanakiotesha kama ua, chenye maua madogo ya rangi mbilimbili. Kondoo akikila sana, ini linaharibika na ngozi inababuka juani. Niliumia kusikia hayo, kwa sababu kundi lisilo na mahali pa kukaa Januari halitafika Lahaul Julai, hata nyasi za huko ziwe nyingi vipi.

Kinachowaokoa ni makubaliano ya zamani na wakulima. Baada ya mavuno kundi linalala shambani, mkulima anapata mbolea, na mchungaji anapewa nafaka au pesa. Mbolea ya kondoo inajulikana thamani yake, na mkulima mwenyewe humtafuta mchungaji.

Hapo ndipo ningetaka mtazame. Mko karibu na ngano ya Njoro na Mau Narok. Nendeni kwa mwenye shamba kabla kombaini haijaingia, mkiwa na hoja ya mbolea, mkubaliane ni siku ngapi kondoo watalala juu ya mabua. Msisubiri wafugaji wengine wawatangulie. Ulizeni amenyunyizia dawa gani na lini. Kondoo wapewe dawa ya minyoo kabla ya kuhama.

Kwato zitibiwe leo. Kateni sehemu zilizooza na mchome vipande hivyo, kisha kondoo wasimame dakika chache kwenye maji yenye zinki salfeti, kilo 1 kwa lita 10. Watoke wasimame pakavu hadi miguu ikauke. Wanaochechemea watengwe.

SWALI: Daktari, hao Wagaddi huhama na familia nzima? Watoto wanasoma wapi? – Mama watoto, Kakamega.

JIBU: Zamani familia nyingi zilikuwa na nyumba mbili, moja Bharmour ya miezi ya joto na moja Kangra ya miezi ya baridi. Siku hizi, mama, wengi wanaopanda ni wanaume. Wake hubaki na mahindi na ngano, watoto hubaki shuleni. Wagaddi wamo kwenye orodha ya makabila yanayotengewa nafasi za masomo na kazi za serikali, na vijana wengi wamezichukua. Ndiyo maana mwenye kondoo sasa huajiri mchungaji, puhal, na wenye makundi madogo huyaunganisha ili wachangie mshahara wake.