Wakigonga saa nane usiku

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Mpangaji mwenzetu hapa Kisauni ni mkimbizi wa Kisomali, muuza sambusa, kadi yake anayo. Juzi saa nane usiku polisi wamegonga wakamwambia hiyo kadi yake ni ya kambi ya Dadaab, hapa Mombasa si kitu, atoe elfu mbili ama apande gari. Katoa. Sasa watoto wake wakisikia gari tu usiku wanaamka wanavaa viatu. Tumsaidieje? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Hapo kwenye viatu nimekwama, sikuweza kuendelea kusoma.

Hawa wakimbizi wa Kisomali si wageni kwetu, wazee wa Kisauni wanaikumbuka kambi ya Utange, miaka ile ya tisini walikuja kwa majahazi wakikimbia vita, na Wabarawa, watu wa mji wa Barawa, wao walishuka na Chimwini chao ambacho ni Kiswahili hikihiki. Wamekimbia bunduki kule wakakutana na bunduki huku. Aprili 2014 kwenye ile msako ya polisi ya Usalama Watch maelfu walizolewa Eastleigh kule Nairobi, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na hata Msomali raia wa Kenya hakusalimika, yeye tangu 1989 alishapangwa foleni kusailiwa na kupewa kadi ya rangi ya waridi ndo aaminike ni Mkenya.

Lakini wakimbizi hawakukaa kimya tu. Serikali ilipotaka kuwahamisha wakimbizi wote wa mjini kwenda kambini, wao na Kituo cha Sheria, shirika la kutetea haki, walienda kortini, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaitupa ile amri. 2017 ikazuia tena kufungwa kwa Dadaab.

Sasa huyo jirani yako, nikwambie ukweli, ikiwa kadi imeandikwa Dadaab basi kibali cha kukaa nje ya kambi ni swala la kweli, aende Kituo cha Sheria wamuangalizie karatasi zake mapema asingoje kugongewa tena. Ila elfu mbili mlangoni saa nane si sheria ya popote, hiyo ni hongo. Katiba kifungu cha 49 yasema ukikamatwa uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24.

Na nyinyi wapangaji, wakija tena washeni taa nyote mtoke barazani, msigombane na mtu, simameni tu. Ulizeni majina na kituo, mwandike saa na namba ya gari, kesho yake mpeleke IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi. Mama mmoja peke yake mlangoni ni rahisi kumtisha, baraza nzima imejaa watu wanaandika si rahisi. Na wale watoto usiku huo walale kwako.