Muulize Sista: Mama aingie kwenye utafiti wa macho au asiingie?

*Sista, habari za kazi. Mama yangu ana presha ya macho. Jicho la kushoto limebaki kuona vivuli, la kulia bado linamsaidia. Juzi tulimpeleka hospitali ya rufaa, tukaelekezwa kwenye chumba cha watafiti. Wanalinganisha leza na dawa ya matone, na kompyuta ndiyo inayochagua nani apate nini. Wametupa karatasi tukaisome nyumbani. Kaka amekataa katakata, anasema Wazungu wanataka kumfanya mama panya wa majaribio. Mama mwenyewe yuko tayari, ila anaogopa vumbi la njiani maana ana pumu. Tufanye nini?*
*Binti, Arua*

Binti, umeandika mengi, halafu neno zito kuliko yote ukalitupia mwishoni: pumu.

Matone yanayotumika sana kwetu kwa presha ya macho ni timolol. Ukimtia mtu tone, halibaki jichoni lote. Sehemu yake hupita kwenye mfereji wa machozi, ikashuka puani, ikaingia kwenye damu, na kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua vibaya. Kwa hiyo kabla mama hajaweka dole gumba popote, waambie watafiti kuhusu pumu na muwaonyeshe dawa anayovuta. Utafiti wa maana una orodha ya watu wasioruhusiwa kuingia, na huenda mama akawa mmoja wao. Msione amefukuzwa. Arudi kliniki ya kawaida, kuna matone ya aina nyingine kama latanoprost, na pengine leza hiyohiyo. Na leo angalieni kichupa anachotumia nyumbani. Timolol mara nyingi ina kifuniko cha njano. Mkiikuta, pigeni simu kliniki leo leo, msimwachishe dawa kwa akili zenu.

Sasa kaka. Kwanza, Wazungu gani? Mimi nimefanya kazi na watafiti wetu wenyewe, wanaokula mhogo kantini kama sisi. Pili, kompyuta inapiga kura kwa sababu daktari ana huruma. Akiachiwa achague, leza atawapa anaoona watafaidika, na mwisho hatutajua kama ni leza iliyosaidia au ni uteuzi wake. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, walifanya utafiti wa namna hii kwa wagonjwa 201 wa presha ya macho, timolol dhidi ya leza. Matokeo yalitoka 2021: baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefanikiwa kwenye asilimia 61 ya macho, timolol asilimia 31. Bila wazee wale kukubali, tungekuwa bado tunabishana.

Lakini mama asiende akidhani kipya ndicho bora. India walilinganisha dawa mbili za vidonda vya jicho vinavyoletwa na kuvu: natamycin, ya zamani, na voriconazole, iliyokuja baadaye na watu wakaisubiri kwa hamu. Matokeo yakachapishwa 2013. Ya zamani ilishinda. Ndiyo maana ya kujaribu, hakuna anayejua jibu kabla. Anayewaahidi kwamba mama atapona, huyo mkimbieni, hasa kwa kuwa alichokwisha kupoteza kwa presha ya macho hakirudi kwa leza wala kwa matone. Tunalinda kilichobaki.

Karatasi lazima ionyeshe kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia hapa Uganda, na kama ni dawa inayojaribiwa, Mamlaka ya Dawa nayo iwe imepitisha. Humo mtakuta namba ya simu ya kamati. Ipigeni, ndiyo kazi yake. Mama asomewe kwa lugha anayoielewa, kama ni Kilugbara basi Kilugbara, na akiweka dole awepo shahidi anayejua kusoma asiye mtu wa utafiti. Mpelekeni kaka. Mtu mbishi ndiye shahidi mzuri. Nauli watakayorudishiwa si mshahara wala deni: mama anaweza kujitoa siku yoyote na kliniki ikaendelea kumtibu.

Swali moja tu ndilo linalonifanya niwe mkali: utafiti ukiisha, matone atanunua nani? Presha ya macho ni ya maisha, na nguvu ya leza nayo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Nimewahi kumpokea mzee ambaye utafiti ulikwisha, akakaa nyumbani bila dawa akisubiri simu. Jibu la swali hilo liandikwe. Wakiguna guna, kaka ameshinda.

Na nyinyi wawili mpimwe macho. Ugonjwa huu hufuata damu, na mwanzoni hauumi.

*Sista, nina miaka 46. Nikitaka kusoma meseji ya pesa nasogeza simu mpaka mkono unaisha. Nasikia watafiti wanagawa miwani. Nijiandikishe wapi?*
*Fundi pikipiki, Busia*

Usijiandikishe popote, fundi, huo ni umri. Nenda kliniki ya macho, wakupime na presha ya macho papo hapo, halafu ununue miwani ya kusomea. Hata ya sokoni yafaa, kama macho yote mawili yanataka namba moja.