Jibu: Nimetumiwa faili la zabuni, nilifungue?

Mkuu, usilifungue. Kwa maelezo yako, steshenari yako ya Majengo imepokea barua pepe ya "zabuni ya wizara" yenye kiambatisho kinachoishia .pdf.exe. Hiyo si PDF, ni programu; ukiibofya tu inaanza kazi yake. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, ndiyo maana wengi huona .pdf wakaridhika. Ujanja wa siku nyingi huu: kirusi cha kompyuta cha ILOVEYOU cha mwaka 2000 kilijifanya .TXT, yaani maandishi tu, kumbe mwisho wake .vbs, yaani programu.

Angalia pia anwani yenyewe, si jina linaloonekana. Ofisi za serikali hutumia .go.tz, wizara ya pale Mtumba, mji wa serikali Dodoma, kukuandikia kwa Gmail, mh! Na hata ikiwa .go.tz, akaunti huweza kuvamiwa, kwa hiyo piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si iliyomo kwenye barua.

Mtihani hasa ni wateja wanaokutumia kazi za kuprinti. Faili la Word likikuomba uruhusu makro (programu ndogo iliyowekwa ndani ya faili), kataa. CV ya mtu makro ya nini? Mwambie alete PDF, au lifungulie Google Docs kwenye kivinjari.