Ugonjwa wa Charcot: mbona kila mgonjwa ana mwendo wake?

Tangu nilipoandika juu ya SLA, yaani ugonjwa wa Charcot, unaoua neva zinazoendesha misuli, simu yangu haitulii. Haya ni machache ya maswali niliyoulizwa, na majibu yangu.

Docta, jirani yetu hapa Katuba alifariki kabla ya mwaka wa pili wa ugonjwa huu. Mume wangu yuko mwaka wa saba na bado anatembea na fimbo. Je, walikosea kumpima?

Si lazima, mama. Mwendo wa ugonjwa huu, yaani kasi yake, si mmoja kwa wote. Wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili za kwanza, lakini karibu mmoja kati ya 10 huvuka miaka 10. Mwanasayansi Mwingereza Stephen Hawking aliambiwa anao mwaka 1963, akafa 2018. Unapoanzia ulimini na kooni, kwa kawaida huenda mbio kuliko unapoanzia mguuni. Ila mrudishe mzee kwa mtaalamu wa neva, kwani yapo magonjwa yanayofanana nao, na mengine yana matibabu.

Kaka yangu amenitumia habari za dawa iliyosimamisha ugonjwa kwa watu kumi na kitu. Kwa nini hatuletewi Lubumbashi?

Mwanangu, tulishaona hayo. Mwaka 2008 huko Italia walichukua wagonjwa 44, wakawapa 16 lithiamu, dawa ya maradhi ya akili. Miezi 15 ikapita, hakuna hata mmoja wa hao 16 aliyekufa. Watu wakaikimbilia, na wengine walijinunulia wenyewe. Majaribio makubwa yaliyofuata hayakuona faida yoyote.

Sasa mfikirie mume wa yule mama, na marehemu jirani yake. Katika majaribio, kura ndiyo huamua nani apate dawa. Kura ikiwaweka watatu wanne wa mwendo wa mzee upande wa dawa, na wa mwendo wa jirani upande wa kidonge kitupu kisicho na dawa, hata maji ya bomba yataonekana yameponya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa inauzwa wapi, uliza ilijaribiwa kwa watu wangapi, na wa mwendo gani.

Huo mwendo wanaupimaje?

Kwa maswali 12, jumla alama 48: kusema, kumeza, kuandika, kupanda ngazi. Alama zilizopotea hugawanywa kwa miezi ya ugonjwa. Kuna swali la kukata chakula kwa kisu na uma; mimi ningeuliza kama vidole bado vinafinyanga tonge la bukari.

Kwa nini wasichague wagonjwa wanaofanana tu?

Wanafanya hivyo. Japani, dawa iitwayo edaravoni haikuonyesha kitu kwa wagonjwa mchanganyiko. Walipochagua 137 walio mwanzoni mwa ugonjwa, tofauti ikaonekana, ikaruhusiwa huko 2015. Toferseni, dawa nyingine iliyoruhusiwa Marekani 2023, ni ya wenye kasoro ya jeni (chembe ya urithi) iitwayo SOD1 peke yao, wagonjwa kama 2 katika 100. Kasoro ya njia hii ni kwamba jibu linawahusu wale waliochaguliwa. Mzee wa mwaka wa saba hakuwa miongoni mwao.

Unaambukiza?

Hapana. Kula naye sahani moja.